Maji Yaliyomo Katika Mrututu

Sisi tukaao Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, twajua vema ya kuwa kahawa mbichi ni nzito na iliyoanikwa ni nyepesi, kwa maana jua limeyaondoa maji. Lakini yako maji ya namna nyingine, yasiyolowesha mkono wala kuonekana kwa macho, nayo huwatatiza sana watoto wetu wa sekondari katika kupima.

Natutwae mfano wa mrututu, zile punje za buluu zichanganywazo na chokaa kuwa dawa ya mimea. Dawa hiyo ilitangazwa na mtaalamu Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, kwa ajili ya mizabibu. Baadaye ikawafaa hata wakulima wa kahawa. Ukiutazama mrututu waona ni mkavu kabisa. Kumbe kila sehemu moja ya chumvi ya shaba imeshikamana na molekuli tano za maji, si nne wala sita. Ukichomwa polepole, maji hutoka kwa mvuke na buluu hugeuka nyeupe. Ukitiwa tone la maji, buluu hurudi. Basi maji hayo si unyevu ulioingia kwa bahati, bali ni sehemu ya kitu chenyewe.

Wanakemia huhesabu kwa moli, kama mchuuzi ahesabuvyo kwa dazeni, ila moli ni hesabu kubwa mno. Uzito wa moli moja hupatikana hivi: shaba 63.5, salfa 32, oksijeni nne 64. Jumla gramu 159.5. Hiyo ndiyo chumvi nyeupe. Kisha maji: 18 mara tano, yaani 90. Kwa hiyo moli moja ya mrututu wa buluu ni gramu 249.5.

Tuliliagiza darasa letu lipime moli 0.2 za mrututu wa buluu. Wengi wakaleta gramu 31.9. Mmoja akauliza, “Mwalimu, mbona tuyapime maji, nasi hatuyahitaji?” Tukamjibu, “Mwanangu, mizani haijui ulitakalo, yajua kilichomo.” Jibu la haki ni 0.2 mara 249.5, yaani gramu 49.9. Zile gramu 18 zilizosahauliwa ni maji matupu.

Wala jambo hili si la mtihani tu. Kama dawa imeandikiwa mrututu wa buluu, na mtu akatia uzito ule ule wa mweupe, shaba itazidi kwa zaidi ya nusu, na majani huweza kuungua. Akikosea kinyume chake, dawa itakuwa dhaifu, na ugonjwa utaendelea shambani.

Basi, wazazi na waalimu wenzetu, tuwazoeze watoto kulisoma jina lote la kitu kabla ya kushika mizani. Penye maji, yahesabiwe kwanza. Ndipo moli zigeuzwe kuwa gramu.