Akifunga ni Shujaa, Akikosa ni Mlevi

Ndugu msomaji, wewe unayeishi kijijini kama mimi, bila shaka unawafahamu watu hawa. Jumapili, Misa ikiisha, wanakaa kwenye benchi mbele ya duka, na maneno yao ni mpira tu. Zamani walizunguka redio moja yenye betri kuukuu. Siku hizi wana simu mkononi, tena jioni wanabanana katika kibanda umiza kutazama mechi za Dar es Salaam na za Ulaya. Wanajua nani amehama timu, nani ameumia goti, nani amegombana na kocha wake. Mimi pia hukaa nao. Napenda kandanda tangu utoto, na sioni ubaya wowote watu waliolima juma zima wakipumzika kwa kubishana kama Simba ni bora kuliko Yanga. Ubishi huo ni mkongwe: Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mpaka leo haujapata hakimu.

Lakini umepata kusikiliza vizuri namna maneno yale yanavyokwenda? Hayaishii uwanjani. Yanaanza na pasi mbovu ya dakika ya themanini, kisha yanamfuata mchezaji njiani mpaka yanaingia nyumbani kwake. Juzi alilala wapi? Yule mwanamke aliyepigwa naye picha ni nani? Kwa nini amenunua gari, na mama yake bado anaishi katika nyumba inayovuja? Wengine husema kwamba huo wote ni umbeya, tuuache, tumhukumu mchezaji kwa miguu yake peke yake. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wangu wa darasa la tano ananyoa nywele kama mchezaji fulani, na jezi yake ina namba ya mchezaji huyo huyo. Akiiga nywele, ataacha kuiga mengine? Mwenendo wa mchezaji unatuhusu, na baba wa familia ana haki ya kuuzungumza.

Shida yangu ni mizani inayotumika.

Mchezaji akikosa penalti siku ya Simba na Yanga, kabla jua halijatua imekwisha kusemwa kwamba amekula hela ya upande wa pili. Nani aliiona hela hiyo? Hakuna. Nani aliihesabu? Hakuna. Lakini imesemwa kwenye benchi, imerudiwa kisimani, na kesho yake watoto wanaisema njiani kwenda shule kana kwamba wameisoma kitabuni. Juma linalofuata mtu yule yule anafunga mabao mawili. Basi hela imesahauliwa, amekuwa kijana wa watu, na hakuna hata mmoja anayesema, Jamani, tulimsingizia. Ulevi nao ni vivyo hivyo. Timu ikishinda, mchezaji aliyeonekana kilabuni usiku wa manane ni mtu anayejua kuishi na wenzake. Timu ikifungwa, usiku ule ule na kilabu kile kile ndivyo vilivyoleta msiba. Mtu hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni matokeo.

Hapo ndipo humkumbuka mchezaji mmoja wa Brazil. Jina lake halisi lilikuwa Manuel Francisco dos Santos, lakini dunia ilimwita Garrincha, ambalo ni jina la ndege mdogo sana. Alizaliwa mwaka 1933 katika Pau Grande, mji mdogo wenye kiwanda cha nguo, si mbali na Rio de Janeiro. Miguu yake ilipinda, yote miwili kuelekea upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Ungemwona amesimama ungesema huyu hawezi hata kufukuza kuku. Kumbe, alipopata mpira upande wa kulia, beki hakujua ashike njia gani. Mwaka 1958 nchini Sweden aliisaidia Brazil kuchukua Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé aliumia mapema, na Garrincha akaibeba timu mabegani: aliwafunga Waingereza mabao mawili, akawafunga na wenyeji mawili, na kombe likarudi Brazil. Siku zote ambazo yeye na Pelé walicheza pamoja katika timu ya taifa, Brazil haikufungwa hata mara moja. Watu wa kwao wakamwita Furaha ya Watu.

Sasa sikia upande wa pili. Garrincha alikunywa pombe tangu ujana wake, kama baba yake alivyokunywa kabla yake. Pombe ya kwao hutengenezwa kwa miwa, nayo ni kali. Katika miaka ile ya ushindi kila aliyetaka kujua alijua, na jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha watu. Alisifiwa kwamba hana maringo, ati akitoka kucheza mbele ya maelfu anarudi Pau Grande kunywa na rafiki zake wa utoto. Goti lake likaanza kuharibika, naye akaendelea kuchezeshwa kwa sindano, maana watu walilipa kiingilio ili wamtazame yeye. Goti lilipokwisha kabisa, na chenga zikaisha, ndipo wengi walipogundua kwamba mtu huyu ni mlevi.

Tena angalia lawama ilimwangukia nani. Garrincha alikuwa na mke na mabinti wengi. Akawaacha, akaenda kuishi na Elza Soares, mwimbaji aliyekuwa amekwisha kupata jina kwa jasho lake mwenyewe. Kosa la kumwacha mke na watoto lilikuwa la nani? Mimi nasema kwanza lilikuwa la Garrincha, maana ndiye aliyekula kiapo. Lakini machoni pa mashabiki Elza ndiye aliyekuwa mchawi. Alitukanwa, akatishwa, akaambiwa kwamba ndiye aliyemharibu mchezaji wao, ingawa pombe ilikuwako miaka mingi kabla hajamfahamu. Mwaka 1969 Garrincha aliendesha gari, likapata ajali, na mama yake Elza akafa humo. Elza alivumilia tena miaka kadhaa, na kipigo pia, mpaka akashindwa. Garrincha alikufa tarehe 20 Januari 1983 kwa maradhi yaliyoletwa na pombe. Umri wake ulikuwa miaka 49. Mwili wake uliwekwa katika uwanja wa Maracanã, na watu wakaja wengi sana kumlilia. Elza naye alikufa tarehe 20 Januari 2022, siku ile ile ya mwezi ule ule, miaka 39 baadaye, akiwa na umri wa miaka 91.

Huwa nawawaza wale waliokuja kulia Maracanã. Wangapi kati yao walikuwa wamewahi kumjazia bilauri?

Garrincha alisamehewa yote muda wote miguu ilipofanya kazi. Mwingine hakusamehewa kosa moja. Andrés Escobar, beki wa Colombia, alikuwa mtu mwenye adabu kiasi kwamba watu wa kwao walimwita Muungwana. Tarehe 22 Juni 1994, katika Kombe la Dunia huko Marekani, alinyosha mguu ili azuie krosi, na mpira ukaingia katika goli lake mwenyewe. Colombia ilifungwa na Wamarekani 2 kwa 1, na baadaye ikatolewa. Escobar aliandika gazetini kwamba maisha hayaishii hapo, akarudi nyumbani Medellín. Usiku wa tarehe 2 Julai, nje ya ukumbi wa starehe, watu walianza kumkejeli kwa lile goli. Ugomvi ukazuka, na mmoja akampiga risasi. Alikuwa na miaka 27. Nchi ile wakati ule ilijaa magendo na kamari, na wapo wanaosema hayo ndiyo yaliyomwua. Inawezekana. Lakini usiku ule ulianza na maneno ya benchi, kama yale tunayoyasikia sisi kila Jumapili.

Sisemi kwamba mashabiki wote ndivyo walivyo. Mwezi wa Februari 2022 ilienea video ya Kurt Zouma, beki wa timu ya West Ham ya London, akimpiga paka wake teke jikoni. Kocha akampanga hivyo hivyo kucheza na Watford. Timu yake ilishinda 1 kwa 0, na bado kila alipogusa mpira alizomewa, hata na mashabiki wa West Ham wenyewe. Baadaye mahakama ilimpa adhabu ya kufanya kazi ya bure saa 180, na kumkataza kufuga paka kwa miaka 5. Nilipoisimulia habari hii kwenye benchi walicheka mpaka machozi, ati Wazungu na paka zao. Cheka nawe ukipenda. Mimi ninachokitazama ni kwamba walimzomea wakiwa wanashinda.

Labda utasema kwamba Brazil na London ni mbali, nasi huku hatuna mchezaji wa kumharibu. Basi nikupe habari ya kwetu.

Timu ya kijiji chetu ina winga wa kulia, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye kazi yake ni kupasua mbao msituni. Simtaji jina, maana gazeti hili hufika nyumbani kwake. Ni mwepesi, ana chenga, na msimu uliopita tulipogombea mbuzi na vijiji vya jirani alifunga karibu nusu ya mabao yetu. Kwetu masika ndiyo wakati wa ulanzi. Kila bao lake lilikuwa na malipo: huyu lita moja, yule lita mbili, mpeni mwanetu, kwa hesabu yangu. (Wapo ambao nyumbani kwao hawanunui hata chumvi, lakini kwa winga fedha hazikosi.) Akicheza vizuri, benchi lilimsifu kwamba anakunywa kama mwanaume. Siku tulipofungwa na kijiji cha ng'ambo ya mto, wale wale waliomnywesha wakaanza: Huyu kijana pombe imemmaliza. Mkewe analala njaa. Juzi alimpiga makofi matatu. Mtoto hana viatu. Hakuna kona ya nyumba ile ambayo haikufagiliwa kwa ndimi zao, wiki mbili nzima.

Jumapili ya tatu mkewe akaja mwenyewe, mtoto mgongoni. Alisimama mbali kidogo, akapiga goti kama ilivyo desturi yetu, akasema, "Shikamooni, baba zangu." Wakaitikia. Akasema, "Sikuja kumshtaki mume wangu. Nawaomba tu. Akifunga bao, mkitaka kumshukuru, mpeni unga. Ulanzi mnaompa hauwezi kumlisha mtoto."

Pakawa kimya. Kisha mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, akajibu kwa upole, "Mwanangu, tumekusikia. Lakini hayo ni mambo ya nyumbani kwenu. Hayazungumzwi hapa."

Ndugu msomaji, umesikia? Mambo ya nyumbani kwao! Yalikuwa yamezungumzwa hapo hapo siku kumi na nne, pamoja na hesabu ya makofi. Yalikuwa mali ya kijiji chote mpaka mwenye nyumba alipofungua kinywa, ndipo yakawa siri ya ndoa.

Aliyenusuru siku ile ni katibu wa timu, mwalimu kijana wa shule ya msingi. Alisimama akasema, "Shemeji, karibu ukae," akampisha mahali pake, akatoa daftari mfukoni. Papo hapo akatangaza kwamba anayetaka kumtuza mfungaji alete fedha kwake, ziandikwe, naye atanunua unga au mafuta au sabuni na kupeleka nyumbani kwa mfungaji. Mchezaji asiyeoa, apelekewe mama yake. Watu walinung'unika. Mmoja alisema hajapata kuona mtu akishangilia bao kwa mche wa sabuni. Hata hivyo daftari sasa lina majina kumi na moja, na mengine ni ya watu niliodhani hawataandika kamwe. Wapo pia wanaompitisha winga nyuma ya duka baada ya mechi. Nawajua, nao wanajua kwamba nawajua. Kijana mwenyewe hajaacha kunywa. Mkewe asema amepunguza, na mimi namsadiki mkewe kuliko benchi.

Tangu Alhamisi goti lake la kulia limevimba; gogo lilimteleza kule msituni. Jumapili ijayo tunarudiana na wale wa ng'ambo ya mto, na safari hii ni mbuzi wawili. Jana nilimkuta mtu dukani akiulizia kama zahanati ina sindano ya kumwezesha kijana kucheza walau kipindi kimoja. Katibu amekwisha kubandika majina ya kikosi mlangoni pa duka, na upande wa kulia ameandika kijana mwingine.