Chiwanda: Mnyama wa Kwenye Kioo na Mnyama wa Mwambani

Ndugu msomaji, kila ifikapo likizo wako wazazi wengi mijini ambao hufunga mizigo na kuwapeleka watoto wao kuwaonyesha nyumbani. Ikiwa nyumbani kwako ni mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ruvuma, safari hiyo yaweza kukufikisha Chiwanda, kusini ya Mbamba Bay, karibu na mpaka wa Msumbiji. Na ikiwa mwanao ni kijana wa siku hizi, yaelekea katikati ya nguo na viatu vyake amefutika mashine ya michezo ya televisheni. Usimkemee upesi. Mashine hiyo na mwambao huo vina jambo la kuambiana, na wewe mzazi ndiwe unayeweza kuwa mkalimani wao.

Tuanze na njia. Kutoka Songea utaelekea magharibi hadi Mbinga, mwendo wa kilometa zipatazo 100. Hiyo ni nchi ya Wamatengo, nchi ya kahawa na baridi. Itazame miteremko ya milima, nawe utaona mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya mistari hiyo. Shimo linalobaki huyakamata maji ya mvua, yasije yakateremka na rutuba yote bondeni. Mwonyeshe mwanao jambo hilo, umwambie kwamba akili hiyo haikuletwa na meli.

Baada ya Mbinga barabara huteremka kwa kilometa 66 hivi, siku hizi kwa lami, hadi Mbamba Bay. Joto huongezeka kwa kila kona, mpaka ghafla maji yanajitandaza mbele yako kama bahari. Mbamba Bay ndiyo makao makuu ya wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Ukishika njia ya kusini, huku ziwa likiwa mkono wako wa kulia, unakwenda Chiwanda. Hapo ni nchi ya mitumbwi na nyavu, ya usipa walioanikwa juani na ugali wa muhogo. Ziwa hilo lina kina cha meta 700 hivi mahali palipo kirefu kupita pote, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana kwingine kokote duniani.

Jioni ikiingia, kama umeme upo, mwanao ataiunganisha mashine yake. Mmojawapo wa michezo mashuhuri ya jamii hiyo ni ule uitwao Turok: Dinosaur Hunter, uliotengenezwa na kampuni ya Iguana Entertainment ya Marekani na kutolewa mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Chanzo chake ni hadithi za picha zilizoanza kuchapishwa huko Marekani mwaka 1954. Toleo lililokarabatiwa lilitolewa kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, na hivyo hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wameweza kuujua.

Keti karibu naye utazame. Shujaa hutamwona, kwa sababu macho ya mchezaji ndiyo macho ya shujaa. Kinachoonekana mbele ya kioo ni silaha tu: kisu, upinde, ama bunduki. Kijana hubonyeza vitufe, na msitu humjia. Anapita chini ya miti mikubwa, anaruka magenge, anaingia katika magofu. Kila upande kuna ukungu mzito. Mara kishindo kinasikika, na kutoka katika ukungu huo dinosaria anamrukia, kinywa wazi. Mchezaji ana kama sekunde moja ya kuamua. Akichelewa, amekufa. Akiwahi, mnyama anaanguka, na safari inaendelea.

Ukungu ule una siri ambayo wewe mfanyakazi utaipenda. Mashine ya siku zile haikuwa na nguvu ya kuchora vitu vilivyo mbali sana. Mafundi wa mchezo wakaufunika upungufu huo kwa ukungu, na ukungu ukazaa hofu: mchezaji hajui kilicho hatua chache mbele yake. Fundi hodari ni yule anayeweza kukifanya kilema cha chombo chake kiwe sehemu ya kazi.

Ziwa Nyasa nalo lina ukungu wake. Zipo siku ambapo juu ya maji husimama kitu kama nguzo za moshi, ungedhani meli inaungua. Kumbe ni wadudu wadogo mno, walioibuka kutoka majini kwa mamilioni wakiruka pamoja. Mtoto aliyezoea ukungu wa kwenye kioo atashangaa kukuta ukungu ulio hai.

Yapo pia mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuyasema waziwazi. La kwanza ni kwamba mchezo huo una damu nyingi, na huko Marekani uliwekewa alama ya watu wenye umri wa miaka 17 na zaidi. Mtoto wa miaka kumi na atafutiwe mchezo mwingine. La pili ni la ziwani. Katika mchezo mtu hupewa roho kadhaa. Akifa, huanza tena pale alipoachia. Ziwani mtu ana roho moja tu. Mamba wa Ziwa Nyasa si mchoro, hangurumi kabla hajaja, wala hatokei penye ukungu peke yake. Kwa hiyo kijana mgeni asijitose majini mpaka awe amewauliza wenyeji ni wapi watu huoga na ni wapi hawaogi. Neno la mvuvi mzee katika jambo hilo lina thamani kupita maarifa yote ya mchezoni.

Sasa na tuwatazame wale wanyama wenyewe. Wanaosifika zaidi mchezoni ni Tyrannosaurus, mwenye kichwa kikubwa na mikono mifupi, na Triceratops, mwenye pembe tatu. Wote wawili waliishi Amerika ya Kaskazini, mpaka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna hata mmoja wao ambaye mifupa yake imepata kuonekana katika ardhi yetu. Hata hivyo mtoto wa Temeke au wa Mwanza huyataja majina yao bila kukwama. Muulize mtoto huyohuyo amtaje dinosaria mmoja wa Tanzania, na huenda atanyamaza. Naye hana lawama, maana hakuna aliyemwambia.

Basi na aambiwe. Kaskazini ya Mbamba Bay, kwenye mwambao uleule, Mto Ruhuhu humwaga maji yake ziwani karibu na Lituhi. Bonde la mto huo ni kama kitabu ambacho kurasa zake ni miamba. Katika kurasa za chini mna makaa ya mawe, mabaki ya mimea iliyoota na kufukiwa kabla hapajakuwa na dinosaria yeyote duniani; makaa ya Ngaka, yanayochimbwa wilayani Mbinga, ni ya jamii hiyo. Katika kurasa za juu zaidi, ambazo wataalamu huziita tabaka za Manda, mna mifupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, F. R. Parrington, alifika katika bonde hilo akaokota mifupa mingi na kuipeleka Uingereza. Miongoni mwake ulikuwamo mfupa wa juu wa mkono pamoja na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Mtu wa kawaida angevipita bila kugeuka. Mtaalamu mwingine, Alan Charig, alivichunguza katika miaka ya 1950, akaona kwamba mnyama huyu si wa kawaida, akamfikiria jina. Lakini maelezo kamili hayakutoka. Charig alifariki mwaka 1997, mwaka uleule uliotolewa mchezo wa Turok, mnyama wake akiwa bado hajatangazwa rasmi.

Kazi hiyo ilikamilishwa na wenzake waliomfuata. Mnamo Desemba 2012 walimtangaza mnyama huyo kwa jina la Nyasasaurus parringtoni, na jina la marehemu Charig wakaliweka miongoni mwa majina ya waandishi. Neno la kwanza la jina hilo, ndugu msomaji, ni la ziwa unaloliona Chiwanda. Mnyama mwenyewe alikadiriwa kuwa na urefu wa meta mbili hadi tatu, pamoja na mkia, na uzito wa kilo 20 hadi 60, na kwamba aliishi yapata miaka milioni 243 iliyopita. Ama ni dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu wa karibu mno wa dinosaria wa kwanza. Wataalamu bado wanajadiliana.

Hebu ipime miaka hiyo. Kati yetu na Tyrannosaurus ipo miaka milioni 66. Kati ya Tyrannosaurus na mnyama wetu wa Nyasa ipo zaidi ya milioni 170. Yule anayeitwa mfalme wa dinosaria ni jirani yetu sisi kuliko alivyo jirani wa huyu wa Ruhuhu!

Mwanao akisimama ufukweni na kuuliza kama wanyama hao walikunywa maji ya ziwa hili, mjibu kwamba hawakunywa. Ziwa Nyasa ni changa mno kwao. Wakati ule mabara yote yalikuwa yameshikana kuwa nchi moja, na lile bonde refu linaloyabeba maji haya lilikuwa halijapasuka. Wala usimwache afukue mchanga wa Chiwanda akitafuta mifupa, kwani mifupa hiyo ni ya miamba ya Ruhuhu. Huko nako, kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Nyasasaurus hakuwa peke yake. Mwaka 2010 alitangazwa mnyama mwingine kutoka tabaka hizohizo za Manda, ndugu wa karibu wa dinosaria, akapewa jina la Asilisaurus kongwe. Lisome jina hilo tena: asili, kongwe. Hayo ni maneno yetu. Mwaka 2022 akatangazwa mnyama mkubwa mla nyama, mwenye fuvu la urefu wa sentimeta 75 hivi, aliyechimbuliwa mwaka 1963. Huyu aliitwa Mambawakale ruhuhu, yaani mamba wa kale wa Ruhuhu. Waliompa jina walieleza kwamba walichagua Kiswahili makusudi, ili kuwaenzi Watanzania walioifanya kazi ya mwaka 1963 na ambao mchango wao haukutajwa ipasavyo wakati ule.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Mifupa ya Mambawakale ipo London. Ile ya Nyasasaurus imegawanyika kati ya London na Cape Town. Dinosaria mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani pamoja na mamia ya vibarua wa nchi hii kati ya 1909 na 1913, amesimama Berlin kwa kimo kinachozidi meta 13. Lakini mfupa uliompa Asilisaurus jina lake umeandikishwa kwa namba ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Kati ya Parrington na Asilisaurus, basi, kuna jambo lililobadilika, na ni haki ya mtoto wako kulijua.

Sidai kwamba mashine itupwe. Mchezo humfundisha kijana wepesi wa jicho na mkono, na mapumziko ni haki ya kila mtu. Ila mchezo ule humjua mnyama kwa sekunde moja tu, sekunde ya kumwua. Miamba ya Ruhuhu ilidai subira ya namna nyingine: karibu miaka 80 ilipita tangu mfupa ule ulipookotwa hadi mwenye mfupa alipotambuliwa. Kijana anayestahimili kurudia hatua moja ya mchezo mara ishirini usiku kucha tayari anayo mbegu ya subira hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha pa kuipanda.

Waweza kuanza na kuku. Ndege wote ni uzao wa dinosaria, na kuku aparuaye mchanga uani kwa bibi yake Chiwanda ni jamaa wa Nyasasaurus. Mamba wa ziwani naye ni wa tawi la pili la ukoo, lile la Mambawakale. Matawi yote mawili bado yanaishi katika mwambao huu, na mtoto aweza kuyatazama yote kwa siku moja: kuku kwa karibu, na mamba kwa mbali sana.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mpe basi mwanao sababu ya kuchezea kwao. Huenda siku moja kijana wa Chiwanda akatengeneza mchezo ambao mchezaji wake hashiki bunduki, bali brashi na patasi, akienda hatua kwa hatua katika bonde la Ruhuhu, akiukwangua mwambao wa kale, hadi mnyama atokee.