Meno ya mtoto yakitaka kusuguliwa

Mama mmoja wa Forodhani alishtuka daktari wa kupanga meno alipomwambia kuwa meno ya bintiye, aliyetimiza miaka 16, yatasuguliwa ubavuni.

"Mnamchonga meno mwanangu?" aliuliza.

"La, mama. Tunayapa nafasi tu."

Hofu yake ina msingi. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ikiondoka hairudi. Hivyo hesabu hupigwa kabla ya kazi, si katikati yake. Daktari hupima upana wa meno, hutazama unene wa gamba kwenye eksirei, kisha huandika ni wapi patasuguliwa na kwa kiasi gani. Mara nyingi haizidi nusu milimita pale meno mawili yanapogusana, yaani robo kwa kila jino. Meno ya mbele ya chini yana gamba jembamba, hivyo huguswa kwa hadhari zaidi. Meno yakiwa yamebanana kidogo, robo hizo zikijumlishwa huweza kuepusha jino kung'olewa. Yakibanana sana, hazitoshi.

Aliyeoza meno hutibiwa kwanza. Baada ya kusugua, meno hulainishwa na kupakwa floridi. Nyumbani ni mswaki mara mbili kwa siku, na juisi ya miwa yenye ndimu isiwe ya kila jioni.

Mzazi aombe kuuona mpango huo. Asipotajiwa vipimo, asione haya kusema: "Daktari, naomba nikafikiri kwanza."