Kuvuka Kwenda Ukerewe na Flashi Mkobani

Mwalimu aliyenipigia simu alisema kwamba baadhi ya kompyuta za darasani zimekufa, na zilizobaki hai zinakataa watu. Shule yake ni ya sekondari ya kata, kisiwani Ukerewe, mbali kidogo na mji wa Nansio. Mtandao wa simu, alinieleza, unashika ukisimama chini ya mwembe nyuma ya ofisi, tena jioni zaidi kuliko mchana. Nikaelewa kwamba safari hii sitakuwa na pa kuuliza.

Fundi wa Linux aliyezoea Mwanza mjini akikwama hunakili mstari wa kosa, akautafuta mtandaoni, akapata watu kumi waliokwisha kuugua ugonjwa uleule. Ukerewe nilikwenda mara ya kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza pia kufanya kazi hii bila msaada huo. Nikafungasha kwa kuwaza mbele. Flashi moja niliiwekea Ubuntu inayowaka bila kusakinishwa, nyingine vifurushi vya programu nilivyodhani vitahitajika. Nikachukua diski ya nje ya terabaiti 1, bisibisi, brashi ya kufutia vumbi, na betri za CR2032 za kutosha darasa zima. Hizi ni betri za duara, upana milimita 20, unene milimita 3.2, nguvu volti 3. Nilizibeba kwa sababu mwalimu, karibu na kukata simu, alitaja jambo aliloliona dogo: kila asubuhi mashine zinasema ni mwaka 2009.

Meli iliondoka Bandari ya Kaskazini ikauacha nyuma Mwamba wa Bismarck na vilima vya mawe vya Mwanza. Safari ni ya zaidi ya saa tatu. Sitaha ilijaa magodoro, kreti za soda, mabati, na makasha ya vifaranga waliolia njia nzima. Nilimwamkia mama mtu mzima aliyeketi jirani yangu, akaitikia marahaba, akauliza mkoba ule nilioukumbatia una nini. Nilipomwambia, alifurahi kweli. Mjukuu wake yuko kidato cha nne. "Basi mwanangu, zifanye zidumu mpaka mtihani wa mwezi wa kumi na moja," alisema, kisha akanigawia chungwa. Machungwa ya Ukerewe yana sifa kubwa Mwanza nzima, na la kwanza nililila kabla ya kukanyaga kisiwa chenyewe.

Kutoka Nansio pikipiki ilinipitisha njia ya Kagunguli. Dereva alipunguza mwendo akanionyesha upande wa misheni: huko ndiko alikoishi mwandishi Aniceti Kitereza. Kitabu chake cha Myombekere na Bugonoka alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na kilikuja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 maandishi yanasubiri. Sikujua kwamba kabla ya safari kwisha ningeyakumbuka maneno hayo nikiwa mbele ya diski inayokata roho.

Darasa la kompyuta lilikuwa chumba safi chenye mapazia ya kitenge. Mashine ni za mtumba, kubwa na nzito, zenye Ubuntu ya mwaka 2016. Ya kwanza iliwaka, ikaandika mistari michache myeupe, ikasimama kwenye neno initramfs. Hapo watu wengi huzima na kuwasha tena, na mwalimu alikiri ndivyo walivyokuwa wakifanya. Nilimwomba aisome mistari ile kwa sauti. Alisoma polepole, akafika kwenye jina la sehemu ya diski, /dev/sda1, na agizo la kuendesha fsck kwa mkono. Mashine ilikuwa imeshasema kinachoiuma na dawa inayoitaka.

Umeme ukikatika wakati diski inaandikwa, kazi hubaki nusu. Mfumo wa faili wa ext4 huweka daftari la mabadiliko ili ujirekebishe wenyewe, na mara nyingi huweza. Ukishindwa, husimama ukamngoja mtu aamue. Tuliandika fsck -y /dev/sda1. Hiyo y inakubali kila marekebisho. Diski ilipokwisha kupitiwa, tukaandika exit, na darasa likaona picha ya mezani ambayo halikuwa limeiona tangu muhula uliopita.

Kama ningeishia hapo, mashine zingekufa tena. Saa ya mashine hutunzwa na ile betri ya duara wakati umeme haupo. Betri ikiisha, saa inarudi nyuma. Basi mfumo unapowaka unakuta diski ilifunguliwa mara ya mwisho katika tarehe ambayo, kwa saa yake, bado haijafika, nao unaishuku diski yenyewe. Vivinjari navyo vinakataa tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana ni vya siku zijazo. Na mwalimu akihifadhi alama za wanafunzi, faili jipya linaonekana la zamani kuliko la mwaka jana. Wanafunzi wawili walifungua makasha, mmoja akishika tochi ya simu, mwingine akiichomoa betri kwa ncha ya bisibisi. Tuliweka tarehe kwa date -s, tukaiandika kwenye saa ya bodi kwa hwclock --systohc. Jambo lililoonekana la pembeni kwenye simu lilikuwa limebeba nusu ya matatizo ya chumba kizima.

Zile zinazokataa watu zilinivutia zaidi. Mwanafunzi anaandika nywila, kioo kinakuwa cheusi kwa muda mfupi, kisha kinamrudisha palepale pa kuandika nywila. Darasani walikuwa wamekubaliana kwamba kuna mtu amebadilisha maneno ya siri, na lawama zilikuwa zimeanza kumwangukia kijana mmoja. Lakini nywila ikikosewa mfumo husema imekosewa. Hapa haukusema hivyo. Uliipokea, ukashindwa kufungua meza. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, tukapata kioo cha maandishi matupu, na nywila ileile ikakubalika. Tukauliza nafasi ya diski kwa df -h. Jibu lilikuwa asilimia 100.

Mtumiaji anapoingia, mfumo huandika faili dogo kwenye nyumba yake. Pasipo na nafasi hata ya hilo faili, mlango unafunguka na kufungwa. Ext4 kwa kawaida huhifadhi asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi mkuu, kwa hiyo sisi tuliotumia mamlaka yake kwa sudo tuliweza kufanya kazi wakati mwanafunzi hana hata pa kuweka herufi. Tulipotafuta kwa du kilichoijaza diski, folda baada ya folda, tukafika /var/log/syslog, faili lililomeza karibu diski yote. Lilikuwa limejaa mstari mmoja uliorudiwa bila kikomo, kuhusu hitilafu ya PCIe ambayo mashine yenyewe ilisema imeshaisahihisha.

Kijana aliyekuwa akilaumiwa alitaka alifute mara moja. Nilimzuia. Kwenye Linux faili lililoshikwa na programu inayoendelea kuandika, ukilifuta, jina linatoweka lakini nafasi hairudi mpaka programu iliachie. Njia iliyo sawa ni kulikata kwa truncate -s 0, libaki tupu na mwandishi wake aendelee. Kisha tukaongeza pci=noaer kwenye faili la GRUB, tukaendesha update-grub, na ule mstari ukakoma. Kijana yule ndiye niliyemwachia kazi hiyo kwenye mashine zilizofuata, makusudi kabisa, wenzake wakimtazama.

Siku hizo zote nilitafuta msaada ndani ya mashine zenyewe. Neno man mbele ya jina la amri hufungua mwongozo wake, bila intaneti, utaratibu uliorithiwa kutoka Unix ya miaka ya 1970. Shule nyingi huambiwa zichukue Linux kwa sababu ni ya bure. Kwangu uzito uko kwingine: haimfichi mwenye mashine kinachoendelea, na inakuja na vitabu vyake. Kwa shule ambayo mtandao wake uko chini ya mwembe, hiyo ni tofauti kati ya darasa na stoo ya vyuma.

Kisha ikaja mashine ya ofisini. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kuandika hadithi walizosimuliwa na bibi na babu zao, nyingine kwa Kikerewe, nyingine kwa Kijita, na zote zilikuwa humo tu. Amri ya dmesg ilionyesha hitilafu za kusoma diski, moja juu ya nyingine, na diski yenyewe ilikuwa ikigonga. Hapo fsck hairuhusiwi. Kila marekebisho yanaitesa diski inayokufa. Niliwasha ile flashi ya Ubuntu, nikaunganisha diski ya nje, nikaanzisha ddrescue. Programu hii hufanya kazi kama mtu anayeokota mchele uliomwagika: kwanza hukusanya ulio juu ya mkeka, ndipo hurudi kuhangaika na ule wa mchangani. Tena huandika ramani ya ilipofika. Usiku umeme ulikatika, na uliporudi tuliirudia amri ileile, ikaendelea pale ilipoachia. Asubuhi tuliikagua nakala, si diski yenyewe. Hadithi zilifunguka zote isipokuwa chache zilizokuwa kwenye sehemu mbovu, na walioziandika wakaahidi kurudi kwa bibi zao. Siku hiyohiyo zilinakiliwa sehemu tatu.

Mashine mbili hazikupona. Kapasita za bodi zao zilikuwa zimevimba vichwa, na hakuna amri inayotibu hilo. Tuliziweka pembeni ziwe vipuri. Kwa zilizopona, kila moja ilipewa ukurasa wake kwenye daftari la mwalimu: tarehe, mstari uliosomwa, kilichofanyika.

Muhula uliofuata nilipata ujumbe kutoka kwake, bila shaka aliutuma akiwa chini ya mwembe. Mashine moja ilikuwa ikikwama. Hakuandika kwamba imekufa. Alikuwa ameendesha smartctl kukagua diski, akaona sehemu mbovu zilizohamishwa ni sifuri lakini hesabu ya makosa ya CRC inapanda kila siku, na akauliza kama ana haki ya kuushuku waya wa diski kabla ya diski. Nilimjibu kwamba ana haki. Akaniambia ameshauagiza kwa mwenye duka wa Nansio, unakuja na meli ya kesho.