Gari likigoma alfajiri Mbulu, lisikilize kwanza

Juni na Julai, alfajiri ya Mbulu huwa na baridi inayopenya hadi kwenye mifupa. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukungu hulala mabondeni hadi jua lipande, na watoto huenda shule wamevaa sweta. Huu ndio msimu ambao magari ya mkono wa pili, mengi yakiwa yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam, hugoma kuwaka mbele ya wenyewe.

Kugoma huko kuna gharama. Kwa mzazi wa Dongobesh mwenye mtoto anayepumua kwa shida, gari ndilo la kumfikisha Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia nyanda hizi tangu mwaka 1955. Na kwa familia iliyonunua Toyota Noah kwa fedha za vitunguu saumu, stata iliyobadilishwa bila sababu ni ada ya shule iliyopotea.

Fundi mzoefu akipigiwa simu haanzi na bei. Huuliza: “Mama, ukipiga stata, gari linasemaje?” Jibu la swali hilo hugawanya matatizo mafungu matatu.

La kwanza ni gari lililo kimya, au linalogonga “ta-ta-ta” bila injini kuzunguka. Hapo mshukiwa ni betri. Baridi hupunguza nguvu yake na wakati huohuo huifanya oili kuwa nzito, hivyo betri iliyochoka inaweza kuwasha gari vizuri kwenye joto la Babati, kisha ikashindwa baada ya kulala Mbulu. Kabla ya kununua nyingine, mzazi afungue boneti na kutazama vichwa vya betri. Njia ya mawe huvilegeza, na unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Kusafisha na kukaza hakugharimu kitu. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6 kwenye mita ya fundi. Ikiwa chini ya 12, inahitaji kuchajiwa. Kama taa zinawaka kwa nguvu na bado gari ni kimya, gia ya otomatiki iangaliwe kama iko P au N, kisha ndipo stata ishukiwe.

La pili ni injini inayozunguka vizuri lakini haishiki moto. Mwenye gari hili asikimbilie betri, maana ndiyo inayoizungusha. Kinachokosekana kwa kawaida ni mafuta au cheche. Kwa gari la petroli la kisasa, afungulie ufunguo bila kupiga stata, na mtu mwingine asikilize karibu na tangi. Pampu nzima kwa kawaida huvuma sekunde chache. Pasipo mvumo, fyuzi na relei hukaguliwa kabla ya pampu kulaumiwa. Mvumo ukiwapo, swali ni mafuta yenyewe: yale ya kununua kwenye chupa vijijini yanaweza kuwa na maji au uchafu. Baada ya hapo ni zamu ya plagi. Mwenye gari la dizeli asubiri taa ya kupasha injini izimike kwenye dashibodi ndipo apige stata. Asubuhi ya baridi, sekunde hizo zina maana.

La tatu ni gari linalowaka kwa tabu, linakohoa, kisha linazima. Ukishuka kutoka Mbulu hadi Dareda, ukashika njia ya Singida kuelekea Katesh, Mlima Hanang unasimama mbele yako kwa zaidi ya mita 3,400. Upande wa Basotu, kwenye mashamba ya ngano, kiangazi ni vumbi. Chujio la hewa lililojaa vumbi hilo huinyima injini pumzi. Kulitoa na kulitazama ni kazi ya dakika chache.

Msimu wa mvua una hatari yake. Katesh inayakumbuka maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyochukua maisha ya watu na kufukia mali. Gari lililozama kwenye maji au tope lisipigwe stata hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, injini inaweza kuvunjika. Livutwe hadi kwa fundi.

Watoto washuke kabla gari halijasukumwa. Gari la otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa kusukumwa, na kwenye miteremko ya Bonde la Ufa injini iliyozimika huacha breki ngumu na usukani mzito. Moto na sigara vikae mbali na betri, kwa kuwa inaweza kutoa gesi inayolipuka. Injini isiachwe ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake unaua.

Yote haya huchukua robo saa, nayo hubadilisha simu kwa fundi. Anayeambiwa tu “gari limekufa” huja mikono mitupu, au huja na betri ya kuuza. Anayeambiwa “linazunguka ila haliwaki, na kwenye tangi hakuna mvumo” hupanda bodaboda akiwa na fyuzi na mita mfukoni.