Ufa Usiozibwa

Wahenga wa pwani walikwisha kutoa hukumu juu ya ufa: usipouziba, utajenga ukuta. Hekima hiyo ilizaliwa mbele ya kuta za mawe na udongo, na huko bado ina nguvu. Lakini msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela, akashuka Tukuyu katika mwezi wa Aprili, atakuta nyumba za mbao ambazo kuta zake zimeoza kwa sababu ufa ulizibwa, tena ukazibwa vizuri.

Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, umekaa kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Rungwe. Mawingu yapandayo kutoka Ziwa Nyasa hukutana na baridi ya milima yakamwaga yote yaliyobeba. Mvua huanza Novemba, ikafika Mei, na hata baada ya hapo haiagi moja kwa moja. Kwa mwaka hupita milimita 2,000, ilhali Unguja, ambayo haijapata kuitwa kame, hupata kama 1,600. Mvua hiyo ndiyo mlezi wa migomba, chai na parachichi za Rungwe. Ndiyo pia mlezi wa kuvu.

Wanyakyusa wa kale waliijua vyema. Joseph Thomson, Mskochi aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, alizisifu nyumba zao kwa unadhifu. Zilikuwa za mianzi na udongo, na paa la nyasi liliteremka likaupita ukuta, maji yakaanguka mbali na miguu yake. Monica Wilson, katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, ameeleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa wazazi wao na kujijengea vibanda pembezoni mwa kijiji, wakaishi huko na marika wao. Kwa malezi kama hayo, ni vigumu mtu akue bila kujua maji ya paa lake yanaangukia wapi.

Siku hizi mianzi imewapisha mlingoti na msindano. Nyumba ya mbao ni nyepesi, haigharimu sana, na huzuia baridi. Hulazwa boriti ya chini juu ya msingi mfupi wa mawe au matofali, husimamishwa nguzo juu yake, kisha mbao hupigiliwa kwa nje. Familia huingia, ikauza ndizi na chai, ikasomesha. Fedha ya saruji inapopatikana hatimaye, haiendi chumbani. Huenda barazani. Na ni haki yake, kwani wageni hupokewa hapo, mahindi huanikwa hapo, na siku ya msiba wazee hukaa hapo. Baraza ya zege huwatangazia wapitao njia kwamba wenye nyumba hii wamepiga hatua.

Balaa huanzia katika adabu hiyo hiyo. Ili mzee asijikwae, mwashi huinua zege hadi usawa wa sakafu ya ndani, na zege likaifunika boriti ya chini. Ili kazi ipendeze, hulimwaga mpaka likagusa mbao, kisha akapitisha mwiko kwenye kiungo mpaka kisionekane.

Sasa zege si jiwe la kuzimu lisilonywa kitu. Lina vinyweleo, na hupandisha maji kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta. Matone yanayopiga sakafu ngumu huruka na kuulowesha ukuta hadi kimo cha goti. Mbao nazo hunywa zaidi kwenye ncha zake zilizokatwa, na ncha za nguzo zote ziko hapo chini. Ubao uloao ukakauka waweza kuishi kuliko seremala wake. Uloao usikauke, unyevu wake ukabaki juu ya sehemu 20 katika 100, huwa umekaribia mahali ambapo kuvu huamka na kuanza kula.

Na ufa lazima utokee. Zege hunywea linapokauka. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Vitu viwili vyenye tabia mbali namna hiyo havishikani kwa amri ya mwiko. Hutokea ufa mwembamba kama unywele, unaotosha maji kuingia lakini hautoshi upepo kupita. Mwenye nyumba akiuona hukumbuka methali, akaleta saruji. Kila anapouziba huwafungia maji ndani.

Kwa nje rangi hubaki nzuri. Habari ya kwanza huletwa na mlango: siku moja unakataa kufungika, kwa kuwa ukuta umeshuka. Mchwa huja baadaye, na ndio wanaolaumiwa. Wengine humlaumu aliyeuza mbao, na kuna nyumba ambako lawama huvuka ua hadi kwa jirani anayedhaniwa kuwa na kijicho. Hapo hasara imekwisha kupita thamani ya boriti. Na boriti yenyewe si nafuu, maana kuibadilisha ni kuiinua nyumba kwa jeki. Kwa mjane anayeishi kwa mikungu ya ndizi, ni ada ya mtoto ya mwaka.

Fundi anayejua huanza na ugomvi wa heshima. “Mama, hapa tuache nafasi.” “Mwanangu, nikuite unijengee, uniachie shimo? Nyoka je?” “Tutalijaza kokoto, mama.” Akikubaliwa, baraza huwa chini ya boriti kwa sentimita 15 hivi, mzee akapewa kidato kimoja. Zege huinamishwa kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kati yake na ukuta hubaki mwanya wa vidole vitatu wenye kokoto, wenye pa kutokea maji kila mwisho. Karatasi ya lami hulala kati ya msingi na boriti. Bati lililokunjwa huingizwa nyuma ya ubao wa chini, mdomo wake ukatokeza juu ya mwanya. Upenu hurefushwa, gata likawekwa.

Msomaji wa visiwani asidhani haya ni ya bara pekee. Katika Mji Mkongwe, boriti za mikoko huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani, hasa pale chokaa inayopumua ilipopigwa lipu ya saruji. Na mshairi anajua kwamba mshororo wa mizani kumi na sita una pumziko katikati. Vipande viwili hukaa pamoja kwa sababu hapo pameachwa wazi.

Baraza iliyokwisha kumwagwa bado huponyeka, iwapo boriti haijalainika hata bisibisi ikazama. Hungojwa kiangazi, Agosti au Septemba. Fundi hupiga mstari sambamba na ukuta, akakata zege kwa tindo na nyundo, upana wa kiganja, huku mwenye baraza akitazama sakafu aliyoilipia ikitoka vipande vipande. Boriti huachwa wazi wiki kadhaa ikauke. Bati hufuata baadaye, kabla ya Novemba.