Daraja la Mashua Zetu: Kumbukumbu za Bwawani

Miongoni mwa methali zote nilizofunzwa utotoni, ipo moja ambayo sikuwahi kuipenda: mwenye nguvu mpishe. Mwalimu wetu wa shule ya msingi aliifafanua kwa mfano wa lori na baiskeli katika barabara ya Kitale kuelekea Webuye, nasi tulioishi kando ya barabara hiyo hatukuhitaji mfano mwingine. Makala hii inahusu jambo ambalo huenda wengi wakaliona kuwa mchezo wa watoto, yaani mashindano ya mashua ndogo zinazoendeshwa kwa injini za petroli na kuongozwa kwa redio kutoka ukingoni. Hata hivyo, nawaomba wasomaji wa jarida letu wanivumilie, kwa sababu ni katika mchezo huo nilipopata somo la lugha ambalo sikulipata katika ukumbi wowote wa mihadhara.

Nilizaliwa Kitale, ila likizo zangu nyingi nilizimalizia Bungoma kwa mjomba wangu, khocha, kama tuwaitavyo ndugu za mama kwa Lubukusu. Mjomba ni fundi wa jua kali. Elimu yake ilikomea darasa la saba, lakini sijapata kuona injini iliyomficha siri. Tulipokuwa wadogo alituchongea mashua za gome la mgomba, akazitia propela ya bati iliyosokotwa kwa kipande cha mpira wa tyubu. Tulizishindanisha mtoni, na aliyeshindwa alibeba ndoo za maji za wenzake hadi nyumbani.

Miaka ikapita. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mjomba alinipigia simu akanitaka nifike upesi. Nilidhani kuna msiba. Nilipofika nilimkuta amesimama kando ya mashua ya plaiwudi yenye urefu wa takriban mita moja, iliyopakwa rangi nyekundu, na ndani yake injini ya mashine ya kukata nyasi, ile ibebwayo begani. Alikuwa amesikia kwamba vijana kadhaa wa Kitale walikuwa wameagiza mashua za namna hiyo kutoka ng'ambo na kwamba walizishindanisha Jumapili katika bwawa la shamba moja nje ya mji. Naye akaamua kuunda yake.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Injini ni ya mipigo miwili, yenye ujazo wa takriban sentimita 26, na hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ikiwa begani mwa mkata nyasi, injini hiyo hupozwa na upepo wa feni yake. Ikifungiwa ndani ya mashua, upepo hautoshi, nayo huungua. Mjomba alizungusha mrija wa shaba juu ya kichwa cha injini, akautoa mdomo wake nyuma ya mashua ili maji ya bwawa yaingie kwa nguvu ya mwendo, yapoze, kisha yatoke ubavuni. Klachi aliiondoa, akaunga shafti ya waya wa chuma unaopindika hadi kwenye propela. Mota mbili ndogo zilipokea amri kwa redio: moja iligeuza usukani, nyingine ikavuta kabureta. Mashua za aina hii zilizotengenezwa kwa ustadi hupita kilomita 80 kwa saa, na propela yake huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Naomba msomaji asiisahau takwimu hiyo ya mwisho.

Jumapili yetu ya kwanza bwawani ilikuwa ya aibu. Mashua za wenzetu zilikuwa za faibaglasi na zilifunikwa na kuumuka kama samaki; injini zake zilikuwa za Zenoah kutoka Japani, zimepanuliwa matundu na kutiwa ekzosi maalumu. Kabla mashua nyekundu ya mjomba haijamaliza mzunguko wa pili, zenyewe zilikuwa zimemaliza wa nne. Mafundi wengine watatu kutoka Bungoma waliokuja nasi walitazama, wakafunga virago. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nauli ya kuja kudhalilishwa ni ghali mno.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Katika nchi ambako mchezo huu umekomaa, mashua zote hazitupwi katika shindano moja. Shirika la kimataifa la NAVIGA, na yale ya Marekani ya Kaskazini, IMPBA na NAMBA, huzigawa kwa ujazo wa injini na kwa umbo la mashua, ili kila mmoja ashindane na mfano wake. Sisi nasi tungeanzisha kundi letu: mashua zilizoundwa kwa mikono hapa hapa, zenye injini za mashine za kukata nyasi zisizoguswa ndani. Wale vijana wa Kitale, nikiri kwa haki, hawakutupinga. Walisema tu kwamba kundi bila kanuni ni kelele. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa chuoni, nikateuliwa kuwa katibu.

Nilizichukua kanuni za ng'ambo, nikazifupisha hadi kurasa nne, kwa Kiingereza. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini kwa Kiingereza. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, niliyeshiriki midahalo mingapi kuhusu nafasi ya lugha yetu, niliyeweza kukariri kwamba Katiba ya 2010 iliifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, nilipokabidhiwa kalamu ya kutunga sheria nilikimbilia lugha ya wenye magari. Niliwasomea mafundi kanuni hizo chini ya mti. Niliuliza kama kuna swali. Hakuna aliyeuliza. Wote tisa walitia sahihi, mjomba akiwa wa kwanza.

Kanuni ya saba ilisema kwamba kila mashua sharti iwe na kifaa cha kuirudisha kabureta na kuipunguza injini endapo mawimbi ya redio yatakatika. Mjomba alitia sahihi chini ya kanuni hiyo. Mashua yake haikuwa na kifaa hicho.

Jumapili ya tatu, mashua nyekundu iliacha kusikia. Hadi leo sijui kama cheche za plagi zilivuruga redio au kama maji yaliingia kwenye betri. Nilichokiona ni mjomba akizungusha usukani mikononi mwake huku mashua ikienda moja kwa moja, kasi yote wazi, kuelekea upande ambako watoto wa jirani walikuwa wameshuka kuchota maji. Tulipiga mayowe. Ilipanda ukingo, ikabiringika, na propela ikampata mvulana wa miaka kama minane kwenye muundi.

Alishonwa nyuzi tisa. Namshukuru Mungu kwamba mfupa haukuguswa na kwamba leo anakimbia kuliko wenzake. Mjomba aliuza jenereta yake kulipia matibabu, akaenda mwenyewe nyumbani kwa wazazi wa mtoto kuomba radhi, nami nikafuatana naye. Tulipokuwa njiani kurudi, tukiwa tumepita Kiminini na bila kusemezana, aliniuliza swali ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Mpwa wangu, ile namba saba ilisema nini hasa?"

Nikamweleza. Akanyamaza mpaka Kamukuywa. Kisha akasema, "Maneno hayo ningeyasikia, kile kifaa ningekiunda kwa usiku mmoja." Hakunilaumu. Laiti angenilaumu!

Nilirudi chuoni nikiwa nimeapa kuziandika upya kanuni zile kwa Kiswahili. Na hapa, wasomaji wapendwa, ndipo nilipokosea mara ya pili, na ndipo hasa nitakapo tutafakari pamoja. Nilizama katika kamusi. Propela nikaiita rafadha. Mbele ya mashua nikapaita omo, nyuma tezi. Uti wa chini nikauita mkuku. Ni maneno matukufu, yaliyozaliwa na watu walioijua bahari kabla ya babu zangu kuiona. Niliyasoma chini ya mti ule ule kwa fahari kubwa. Nilipoinua macho niliona nyuso zile zile zilizonisikiliza nikisoma Kiingereza: zenye adabu, zenye kuitikia, na zisizoelewa.

Safari hii sikuuliza kama kuna swali. Niliuliza, "Mjomba, rafadha ni nini?" Akacheka, akasema pengine ni jina la Mwarabu.

Basi tukaketi. Niliiweka kalamu chini, nikawataka waniambie kila kanuni kama watakavyomwambia mwanafunzi wa karakana. Propela ikabaki propela, shafti ikabaki shafti, kwani ndiyo majina wanayoitana nayo tangu Malaba hadi Kitale. Rafadha niliiandika mara moja tu, pamoja na maelezo yake, ili anayetaka kujua ajue. Kanuni ya saba, iliyochukua aya nzima kwa Kiingereza, mjomba aliitamka hivi nami nikaiandika kama ilivyo: "Redio ikinyamaza, injini nayo inyamaze kabla hujahesabu tatu." Kisha wakaongeza jambo ambalo sikulifikiria: kabla ya kila shindano, mashua itashikwa na watu wawili ukingoni, injini ikinguruma, na mwenyewe azime redio mbele ya wote. Injini isipotulia, mashua inarudi nyumbani.

Mjadala mkali zaidi ulihusu jina. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya mahali pa kusomea, ya ngazi na ya hali ya watu katika jamii, na ndilo litumiwalo kwa makundi ya mashindano. Kiswahili hulipasua neno hilo vipande. Nilipendekeza "tabaka", nikiwa bado na harufu ya nadharia za uhakiki. Fundi mmoja akauliza, "Yaani tuandikwe kwamba sisi ni maskini?" Nikajaribu "darasa". Mjomba akasema la saba lilimtosha. Nikatoa silaha yangu ya mwisho, "ngeli", neno ambalo sisi wanaisimu hulipenda na ambalo husemekana kutoka Kihaya likiwa na maana ya aina. Wakalisikiliza kwa heshima, wakalirudisha kwangu. Ndipo mmoja, kijana aliyekuwa kimya muda wote, akasema "daraja". Nilipinga, kwa kuwa daraja huleta fikra ya ngazi, ya aliye juu na aliye chini. Akanijibu kwamba yeye alikuwa akiwaza daraja la mto, lile linalompitisha mwenye gari na mwenye miguu. Sikuwa na la kujibu. Likaandikwa daraja la mashine ya nyasi.

Ilibaki hofu moja: nini kitamzuia mwenye fedha kuingia daraja letu na injini ya siri? Mjomba alitoa dawa yake. Baada ya shindano, mshiriki yeyote ana haki ya kuinunua injini ya mshindi kwa bei ya injini ya kawaida dukani, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Atakayetumia mara tatu ya bei hiyo kuinoa injini yake atakuwa amewanolea wenzake. Baadaye niligundua kwamba baadhi ya mashindano ya magari nchini Marekani yana kanuni kama hiyo. Mjomba hakuisoma popote. Aliijua kutokana na kuwajua watu.

Shindano la kwanza la daraja hilo lilikuwa na mashua sita. Mbili zilizimika kabla ya boya la kwanza, moja ikazama, na mashua nyekundu ikawa ya pili. Mshindi alikuwa yule yule aliyewahi kulalamikia nauli. Kabla ya kuanza, kila mmoja alizima redio yake mbele ya umati nasi tukahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Watoto walikuwa wamekalishwa juu ya kilima, mbali na maji, na miongoni mwao alikuwepo mvulana mwenye kovu mguuni. Ndiye aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wasomaji wapendwa, sisi wa vyama vya Kiswahili tumezoea kuilalamikia serikali, mahakama na shule kwa kuipuuza lugha yetu, na malalamiko hayo yana msingi. Lakini mimi nilipopewa kurasa nne za mamlaka nilizitumia kumfungia mlango mjomba wangu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ambacho yeye hakukijua. Sheria huwa ya watu pale wanapoweza kuipinga, na mtu hawezi kulipinga asiloelewa. Atatia sahihi tu. Istilahi zetu tuziunde, kamusi zetu tuzienzi, rafadha tusiiache ife. Hata hivyo, kabla ya kuzipeleka kwa umma, tuketi kwanza chini ya mti tusikie wenye kazi wanaviitaje vyombo vyao.

Karatasi ile ya Kiingereza ningali nayo. Nimeiweka ndani ya kamusi yangu, mahali pa herufi R, na kila nifunguapo ukurasa huo naiona sahihi ya mjomba, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu aliyeniamini.